Nikiweka lipa namba dukani, nitauza zaidi au nitaliwa?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la rejareja Kihonda, Morogoro, huu mwaka wa tisa. Nauza mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni na mitungi ya gesi. Siku nzuri nauza kama 180,000. Kijana wangu amemaliza chuo, anasema duka langu limepitwa na wakati: niweke lipa namba ya kupokelea malipo ya simu, nifungue WhatsApp ya biashara, ninunue na mashine ya kurekodi mauzo. Nina akiba ya 600,000. Baba yake anasema lipa namba ni kujipeleka mwenyewe kwa watu wa kodi, TRA. Wateja wengine wananilipa kwenye laini yangu ya kawaida, na hiyo hiyo ndiyo ninayokusanyia hela za kikoba maana mimi ni mweka hazina. Juzi nimetapeliwa 45,000 kwa meseji ya uongo. Nishike lipi? – Mama J., Kihonda

JIBU: Shikamoo, Mama J. Pole kwa hiyo 45,000, nitaifikia. Ila naomba nianze na kitu ambacho hukukiuliza kabisa: mzani.

Hujaniambia unapimia nini. Maduka mengi ya umri wa duka lako ninayoyatembelea nayakuta na mzani wa mshale uliochoka, na mwenye duka mwenye huruma anayeongeza kiganja kimoja ili mteja asilalamike. Tufanye hesabu ya mfano. Umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50, kila kilo imekufikia kwa 2,600, unauza 2,800. Faida uliyopanga ni 10,000. Sasa kila kilo unayopima imezidi gramu 20, ambazo ni kama kijiko kimoja na nusu cha chakula, hata jicho halioni. Kilo 50 mara gramu 20 ni kilo moja nzima. Umeuza kilo 49 badala ya 50, na 2,800 imeondoka. Faida imebaki 7,200. Zaidi ya robo ya faida yako imetoka dukani kwa huruma, na hakuna lipa namba itakayokurudishia.

Kwa hiyo teknolojia mpya ya kwanza ninayokushauri ni mzani wa dijitali, wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Usiununue wa barabarani usiohakikiwa. Kwanza ni kosa kisheria, pili unaweza kukuibia wewe mwenyewe. Na usiache kuupeleka kukaguliwa kila mwaka. Wateja wawili watatu watanung'unika kwamba siku hizi umekuwa mbahili. Wageuzie kioo cha namba wajisomee wenyewe.

Sasa lipa namba. Weka. Lakini weka kwa jina lako. Nasisitiza kwa sababu naona mambo yanakoelekea: kijana ndiye anayejua, kijana ndiye mwenye simu kubwa, kijana ataenda kusajili, na kesho lipa namba ya duka la mama imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtoto. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze kubana, laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, hela iliyo kwenye laini inamhusu mwenye kidole. Simsemi vibaya mwanao. Ila akipata kazi Mwanza, akioa, akigombana na wewe, au simu yake ikiibwa stendi, duka lako litakuwa linaomba ruhusa kwake ili lipate hela zake.

Manufaa yake ni ya kweli. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kwa miaka mingi mteja wa mtandao mmoja alikuwa hawezi kumlipa muuzaji wa mtandao mwingine bila kuzunguka. Mitandao ilianza kuunganishwa mwaka 2014, mkubwa wao akaingia 2016, na tangu 2021 Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao. Mteja wako wa Kihonda leo halazimiki kuwa na laini ya mtandao wako. Anayekuja saa mbili usiku hana noti, ana salio tu, zamani alikuwa anaandikwa kwenye daftari la madeni. Sasa analipa. Kwangu mimi hapo ndipo lipa namba inapoongeza mauzo ya duka la rejareja: inapunguza mkopo. Usitegemee ikuletee wateja wapya. Mtu wa mtaa wa pili hatavuka barabara kwa sababu umebandika karatasi ya lipa namba ukutani.

Makato ndiyo ya kuangalia kwa makini. Wakala atakayekusajili muulize swali moja tu: nikitaka kuitoa hela hii iwe noti, nakatwa ngapi? Usikubali jibu la "ni kidogo sana, mama". Asilimia moja ya mauzo inasikika ndogo, lakini wewe huishi kwa mauzo, unaishi kwa faida. Ukiuza 180,000 na faida yako ni kumi katika mia, faida ni 18,000. Asilimia moja ya mauzo ni 1,800. Hiyo ni sehemu ya kumi ya faida yako ya siku nzima. Dawa yake ni kutoitoa hela. Iache humo, mlipe msambazaji wa unga kutoka humo, nunua LUKU humo, lipa pango humo. Muuzaji wa jumla akikataa kupokea kwa simu, mwambie utamhamia anayepokea. Siku hizi wapo.

Na usiende dijitali mia kwa mia. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, na wewe unakumbuka kilichotokea: watu walirudi kwenye noti. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kubadilishwa. Bei ya kutumia chombo hiki inapangwa na watu ambao hawajawahi kuliona duka lako, na inaweza kubadilika kwa bajeti moja.

Nije sasa kwa baba J. Asiiogope lipa namba. Aiogope hiyo laini yako ya kawaida.

Nitakueleza kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka 2012 nilikuwa na kibanda Mwenge, Dar es Salaam, nauza vocha na vifaa vya simu huku nikiwa wakala wa kutuma na kutoa hela. Floti (hela ya kuzungushia uwakala), mauzo, hela ya nyumbani na mchango wa harusi ya binamu yangu vyote vilikuwa vinapita kwenye droo moja na laini moja. Mwisho wa mwezi nilikuwa naona hela nyingi sana. Nikakopa kwa kuamini hizo hela nyingi. Nilipokaa na karatasi, wiki mbili nzima, nikagundua sehemu kubwa ya kilichokuwa kinapita mkononi haikuwa yangu, yangu ilikuwa kamisheni na faida ndogo ya vocha. Kibanda nilikifunga mwaka uliofuata. Tangu hapo nikimkuta mtu anachanganya hela kwenye laini, tumbo linaniuma kama la kwangu.

Simu, mama, inaandika kila kitu na haijui kutofautisha. Laki mbili za kikoba zikiingia, inaandika laki mbili zimeingia. Dada yako akikutumia ada ya mtoto, inaandika. Mteja wa mtungi wa gesi, inaandika. Ukiambiwa teknolojia inabadilisha biashara ndogo, mabadiliko makubwa kuliko yote ni haya: duka lililokuwa linaishi kichwani mwako sasa lina maandishi, na yanasomwa na watu wengine kabla wewe hujayasoma. Mkopeshaji anayasoma anapokupangia kiwango cha mkopo. Mamlaka ya Mapato inaweza kuyadai, maana Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna uwezo wa kutaka taarifa. Kijana wako ataangalia salio lililopo na kuamua duka lina hela. Wewe mwenye duka unabaki na picha ya "siku nzuri".

Hiyo "siku nzuri" tuichukue kama ilivyo kwenye barua yako. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki milioni 100 na haandai hesabu za mkaguzi, kodi yake ya mapato inatokana na mauzo, siyo faida. Ukienda kwenye makadirio ukamwambia afisa "nauza kama 180,000 kwa siku", atazidisha. Mara siku 30, mara miezi 12, anapata 64,800,000. Je, kweli unauza hivyo siku ya mvua? Tarehe 22 ya mwezi, mishahara imekauka? Januari, ada zimewamaliza watu? Ikiwa wastani wako halisi ni 110,000, mauzo ya mwaka ni 39,600,000. Tofauti ni milioni 25 na ushee ambazo hukuuza ila utazilipia kodi, kwa sababu siku zako mbaya hazikuandikwa popote. Hela za kikoba zikiwa zimejumlishwa humo humo, ndiyo umemaliza.

Kwa hiyo lipa namba iliyo peke yake, yenye mauzo ya duka na kitu kingine hakuna, inakukinga. Inakupa cha kuonyesha. Yule asiye na maandishi hajajificha kama baba J. anavyodhani, anakadiriwa tu, na anayekadiria haangalii Januari.

Kikoba kitoe kwenye laini yako wiki hii. Kuna akaunti za vikundi kwenye simu, M-Koba ni mojawapo, ambako hela haitoki mpaka wanachama wengine waidhinishe. Kwako wewe mweka hazina huo ni usingizi mzuri, maana siku hela ikipotea kwenye laini yako binafsi, hakuna mwanachama atakayetaka kusikia habari ya utapeli. Na kama kikundi bado hakijasajiliwa halmashauri, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka mjisajili. Mkumbushe mwenyekiti.

Nimetaja mikopo, niseme na hili. Ukishaanza kupokea malipo kwa simu, mikopo itaanza kukufuata. Mingine ni halali, ya mtandao wako na benki, na inafaa kwa jambo moja: lori la unga limefika asubuhi, una laki nne, unatakiwa laki tano, na una uhakika jioni itarudi. Kwa kula na kwa ada, usiiguse. Ile mingine ni ya programu za kupakua, ambazo mitaani tunaziita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Kwa mtu mwenye duka zina ubaya wa ziada ambao watu hawaufikirii. Ukizipakua zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Ukichelewa siku mbili, zinawatumia watu hao ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Sasa majina yaliyo kwenye simu yako ni ya akina nani? Wateja wako. Msambazaji wako wa gesi. Wanachama wa kikoba. Miaka tisa ya uaminifu inauzwa kwa mkopo wa laki moja.

Ile 45,000 yako nadhani ilikwenda hivi, maana wengi wanaibiwa kwa njia hii: mteja kachukua mzigo, kakuonyesha simu yake au meseji imeingia kwako yenye maneno kama ya mtandao, ukaamini, akaondoka. Meseji si hela. Hata picha ya skrini si hela. Meseji ya kweli hutoka kwa jina la huduma, haitoki kwenye namba ya kawaida ya mtu, lakini hata hilo usilitegemee ukiwa na foleni ya watu sita. Angalia salio, ndipo ukabidhi mzigo. Ukiweka lipa namba, weka na simu ndogo ya kitochi inayokaa dukani tu kwa ajili ya kupokea uthibitisho, isitoke nje na mtu. Na malipo ya kwenye laini ya kawaida yana ugonjwa mwingine: mtu akishaondoka anaweza kupiga huduma kwa wateja akadai alituma kimakosa. Ukiipata tena meseji ya kitapeli, hata ile ya "ile hela itume kwenye namba hii", isambaze kwenda 15040, ni bure. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako.

WhatsApp ya biashara: kwa sukari na sabuni, ni kupoteza bando. Hakuna anayeagiza nusu kilo ya sukari kwa picha. Lakini umetaja mitungi ya gesi, ukaitaja mwisho kama nyongeza, na mimi naona hapo ndipo penye biashara yako ya miaka kumi ijayo. Gesi huisha ghafla, wali uko jikoni, mtu hawezi kuacha sufuria akabeba mtungi. Huyo ndiye anayehitaji namba yako. Andika kila anayenunua mtungi: jina, ukubwa, tarehe. Familia inayomaliza mtungi wa kilo 6 kwa siku 20, siku ya 18 mtumie ujumbe: "Mama fulani, gesi vipi? Kijana wa bodaboda yuko karibu." Hapo mwanao mpe kazi, anafaa kabisa. Na kwenye status weka vitu vyenye msimu, kama mchele mpya ulioingia au alizeti iliyokamuliwa juzi. Usiweke bei ya sabuni kila siku, watu watakunyamazisha.

Kuna teknolojia nyingine inayoligusa duka lako na haimo kwenye simu. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inakwenda Dar kwa muda usiofika saa mbili. Mteja wako mwenye kipato, anayenunua mchele gunia zima, sasa anaweza kwenda Kariakoo asubuhi na kurudi jioni. Kwa huyo usishindane na Kariakoo kwa bei, utaumia. Lakini na wewe treni hiyo hiyo unaweza kuipanda. Wauzaji wa rejareja wa Morogoro wengi hawajui bei ya Kariakoo, wanaijua bei ya mtu wa kati anayewaletea. Nenda mara moja ukae nusu siku, uulize bei za vitu vitano unavyouza zaidi. Si lazima ununue. Ukirudi, mazungumzo yako na msambazaji yatakuwa mengine.

Mashine ya kurekodi mauzo ndiyo niliyoiacha, na hapa simuungi mkono kijana, angalau kwa sasa. Kwanza mtenganishe hili: mashine au programu anayoisema yeye ni kitu kimoja, na mashine ya EFD ya TRA, ile ya kutolea risiti za kodi iliyoanza kutumika mwaka 2010, ni kitu kingine. Kwa mauzo ya kiwango chako, kutoa risiti ya EFD ni lazima. Usije ukanunua ile ya kijana kwa akiba yako yote, ukadhani umemaliza, halafu afisa akaja kuuliza nyingine. Ikiwa huna EFD, nenda ofisi ya TRA Morogoro kabla ya kununua chochote. Waulize na kuhusu risiti zinazotolewa kwa simu badala ya mashine kubwa, huenda ukaokoa hela. Kama unayo, tayari una rekodi ya mauzo bora kuliko unavyofikiri, ni kwamba hujawahi kuisoma.

Ile programu ya kijana isubiri mwezi mmoja. Katika mwezi huo fanya kwa daftari la mistari: kila jioni andika mauzo ya noti, mauzo ya lipa namba, ulichotoa kula nyumbani, na ulichokopesha. Safu nne. Ya tatu ndiyo inayouma, iandike hivyo hivyo, pamoja na ile sukari ya chai ya jioni. Ukimaliza siku 30 bila kuruka, programu itakufaa kwa sababu utakuwa na cha kuiingizia. Ukishindwa daftari, na programu utaishindwa wiki ya pili, tofauti ni kwamba utakuwa umeilipia.

Kwa hiyo 600,000 yako igawe hivi: EFD kama huna, mzani, simu ya kitochi na laini mpya. Kitakachobaki, ongeza mitungi ya gesi iliyojaa ili mteja asipige simu ukamwambia imeisha.

Na weka pembeni noti ndogo za chenji, angalau za siku mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika, intaneti ikalegea nchi nzima na nchi jirani. Siku kama hiyo mwenye chenji kwenye droo na daftari la madeni chini ya kaunta anauza kama kawaida. Lile daftari la madeni, kwa hiyo, usilichome. Punguza tu majina.